Hosiradishi Jikoni: Mwongozo Kamili wa Mzizi Unaoingia Chunguni Mwisho

Mpishi wetu, awe wa pwani au wa bara, amezoea kuanza na ukali. Kitunguu saumu na tangawizi hutwangwa mapema na kukaangwa katika mafuta pamoja na kitunguu maji, kisha pilipili hutiwa mchuzini ili iive pamoja na nyama, na kadiri chungu kinavyokaa motoni ndivyo ladha inavyokolea. Hosiradishi haikubali utaratibu huo. Ukali wake huzaliwa pale mzizi unapokwanguliwa na hufa unapochemshwa, na karibu makosa yote ya anayeutumia kwa mara ya kwanza yanatokana na kutolijua jambo hili moja. Mimi mwenyewe niliwahi kuukatakata mzizi mzima, nikautia katika mchuzi wa ng'ombe na kuuacha utokote kwa saa nzima, na nilichopata ni vipande vya nyuzinyuzi vyenye ladha ya kabichi iliyosahauliwa jikoni.

Mwongozo huu unamlenga hasa msomaji anayeishi Ulaya au Amerika Kaskazini, ambako mzizi huu unajulikana sana, lakini utamfaa pia yule wa Nairobi au Dar es Salaam aliyenunua chupa yake supamaketi na sasa hajui aifungue kwa chakula gani.

Ni mmea gani, na usiuchanganye na upi

Hosiradishi, ambayo kwa jina la kitaalamu ni Armoracia rusticana, ni ya ukoo mmoja na kabichi, figili na haradali, na asili yake ni kusini-mashariki mwa Ulaya na sehemu za Asia ya magharibi. Majani yake ni marefu na mapana, lakini kinacholiwa zaidi ni mzizi: nje una rangi ya udongo, ndani ni mweupe, umbo lake linakaribia la muhogo mwembamba, na ugumu wake ni wa kuni mbichi. Kiswahili hakijaupa jina lililokubalika na wote, kwa hiyo anayekwenda sokoni yafaa ajue wenyeji wanauitaje. Uingereza na Marekani umeandikwa horseradish, na farasi aliyemo ndani ya jina hilo hana uhusiano wowote na mmea, kwani zamani neno lake lilitumika katika Kiingereza kumaanisha kitu kikubwa na kisicho laini. Ujerumani ni Meerrettich, Bavaria na Austria wanasema Kren, Poland ni chrzan, Urusi ni khren, Hungaria ni torma, Ufaransa ni raifort na Sweden ni pepparrot.

Hapa pana mtego kwa msomaji wa Kiswahili. Anayetafuta maana ya neno hilo la Kiingereza anaweza kuelekezwa kwenye mlonge, kwa sababu Waingereza waliokuwa India waliupa mlonge jina la mti wa hosiradishi baada ya kuona kwamba mizizi yake ina ukali unaofanana. Majani na maganda machanga ya mlonge ni chakula kizuri, lakini gome la mizizi yake lina viini vyenye sumu, na kwa hiyo mzizi wa mlonge haufai kutumiwa badala ya hosiradishi katika mapishi yoyote yaliyomo humu. Onyo la pili linawahusu wanaopenda kuchimba mizizi bustanini au porini huko Ulaya. Mmea wa akoniti, ambao ni sumu kali, una mizizi ambayo asiyejua anaweza kuidhania hosiradishi, na mwaka 1856 katika mji wa Dingwall, Scotland, karamu iligeuka msiba baada ya mzizi huo kuchimbwa na kutiwa katika sosi kwa makosa. Hosiradishi iliyokwanguliwa huchoma pua papo hapo. Mzizi usio na harufu hiyo usiingie jikoni.

Wengi wameshaionja bila kujua. Rojo la kijani linaloitwa wasabi, linaloandaliwa pamoja na sushi katika mikahawa mingi duniani, kwa kawaida ni hosiradishi iliyochanganywa na haradali na rangi ya kijani, kwa kuwa wasabi halisi ni mmea mgumu kuukuza na bei yake ni kubwa.

Ukali unatoka wapi

Ukiunusa mzizi mzima hutapata harufu yoyote ya kuelezeka. Ndani yake mna kiini kiitwacho sinigrini na kimeng'enya kiitwacho mirosinasi, na kila kimoja kinakaa mahali pake. Kikwangulio kinapopasua seli za mzizi, viwili hivyo hukutana, na kutokana na mkutano huo hupatikana mafuta makali yaleyale yanayoipa haradali ukali wake. Mafuta haya hupaa hewani upesi, ndiyo maana yanapanda puani na kuliza macho, kisha baada ya sekunde chache yametoweka. Pilipili hufanya kinyume chake, kwani huukaa ulimi na kuendelea kuunguza muda mrefu baada ya tonge kumezwa.

Mambo matatu yanafuata kutoka hapo, na mapishi yote yaliyo mbele yanayategemea. La kwanza ni kwamba kadiri unavyokwangua laini zaidi ndivyo ukali unavyoongezeka, kwa sababu seli nyingi zaidi zimepasuka. La pili ni kwamba siki au maji ya ndimu huizuia kazi ya kimeng'enya: ukitia siki mara tu baada ya kukwangua utapata ladha ya upole, lakini ukisubiri dakika tatu hivi ndipo utie, utaukamata ukali ukiwa juu kabisa. La tatu ni kwamba moto huiharibu mirosinasi na kuyafukuza mafuta yaliyokwisha kutokea. Basi mzizi huu hutiwa sufuria ikiwa imeshaepuliwa, au hukwanguliwa juu ya sahani ikiwa tayari mezani.

Kununua na kuhifadhi

Mavuno makubwa ya Ulaya huanza majira ya vuli na kuendelea hadi mwanzoni mwa majira ya kuchipua, na miezi hiyo ndiyo ya kununua mzizi mbichi. Chagua ulio mgumu na mzito, usiopindika ukiubana kwa mikono miwili, usio na madoa ya kijani wala sehemu laini. Uliolegea kama karoti ya wiki tatu umeshapoteza maji, na ukali wake umepungua. Huhitaji mzizi mkubwa; kipande cha gramu 200 kinatosha familia kwa majuma kadhaa.

Nyumbani usiuoshe wala kuumenya wote. Ufunge katika karatasi ya jikoni iliyoloweshwa kidogo, uutie katika mfuko na kuuweka sehemu ya chini ya friji, nao utadumu kwa majuma mengi. Kila unapohitaji, menya urefu wa sentimita chache tu, kwangua, kisha ukate sehemu iliyokauka kabla ya matumizi yanayofuata. Ukiona hutaumaliza, umenye wote na kuugandisha ukiwa mzima katika friza, kisha uukwangue ukiwa bado na barafu. Mimi napendelea njia hii kuliko zote, kwa sababu mzizi ulioganda hukwanguka kama chenga laini za theluji na haulizi macho sana.

Kuhusu chupa za dukani, ni vizuri kusoma lebo hadi mwisho. Henry John Heinz, mwanzilishi wa kampuni ya vyakula ya Heinz, alipoanza biashara yake huko Pennsylvania, Marekani, mwaka 1869, bidhaa yake ya kwanza ilikuwa hosiradishi, naye aliifunga katika chupa za kioo cheupe ili mnunuzi ajionee mwenyewe kwamba haikuongezewa mizizi ya tanipu. Leo mchanganyiko si siri tena, kwani umeandikwa, lakini bado zipo chupa ambazo hosiradishi ni sehemu ndogo kati ya mafuta, krimu na sukari. Nunua ile ambayo orodha yake ni hosiradishi, siki na chumvi. Nyingi zimetiwa salfaiti ili zibaki nyeupe, na wenye pumu wanaosumbuliwa na kemikali hiyo wanapaswa kuziepuka. Chupa ikishafunguliwa, ukali hupungua siku hadi siku hata ikiwa frijini, kwa hiyo nunua ndogo.

Kukwangua bila kulia

Kwanza fungua dirisha. Wapishi wa Ulaya ya Mashariki hukwangulia nje, barazani, na si kwa kujifurahisha. Menya kipande unachokihitaji kwa kisu kikali hadi uone weupe, na kama katikati kuna moyo mgumu wa nyuzi, uondoe. Tumia kikwangulio chenye matundu madogo kabisa, sukuma kwa mwendo wa mzunguko, na usiinamie bakuli. Gramu 20 zilizokwanguliwa ni sawa na vijiko viwili vya chakula hivi. Usiguse macho mpaka uoshe mikono kwa sabuni.

Kwa kiasi kikubwa, blenda inafaa zaidi. Warusi wanaotumia mashine ya kusaga nyama wana mbinu ya kufunga mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa mashine ili mvuke mkali usitoke, na anayetumia blenda asogeze uso kando anapofungua kifuniko, kwani pumzi ya kwanza inayotoka humo inaweza kumkosesha mtu hewa.

Akiba ya chupa ndiyo msingi wa mapishi mengine, na ni bora ukianza nayo. Chukua gramu 250 za mzizi, umenye na kuukata vipande vidogo, vitie katika blenda pamoja na maji ya baridi kama mililita 100 na vipande viwili vya barafu. Saga hadi upate rojo la chengachenga. Zima mashine, acha kifuniko kikiwa kimefungwa, hesabu dakika tatu. Kisha tia vijiko vitatu vya chakula vya siki nyeupe, nusu kijiko cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha chai cha sukari, saga tena kwa sekunde chache, na upakue katika chupa safi ya kioo, ukiijaza hadi juu ili hewa isibaki. Katika friji itakaa mwezi mmoja ikiwa nzuri. Ikigeuka rangi na kuwa ya kijivu au kahawia, ubora wake umekwisha. Usitumie kijiko cha fedha kuipakulia, kwa kuwa hosiradishi huifanya fedha kuwa nyeusi.

Sosi za baridi

Sosi ya krimu ndiyo inayojulikana zaidi, na Waingereza hawawezi kula nyama ya ng'ombe ya kuoka siku ya Jumapili bila hiyo. Piga mililita 150 za krimu hadi ianze kusimama, lakini isiwe ngumu, kisha changanya kwa upole vijiko vitatu vya chakula vya hosiradishi iliyokwanguliwa, kijiko cha chai cha maji ya ndimu, chumvi na sukari kidogo mno. Iache frijini kwa nusu saa kabla ya kuandaa. Asiyependa krimu atumie mtindi mzito uliochujwa kwa kitambaa, na asiyekunywa maziwa anaweza kutumia tui zito lililopozwa frijini hadi likaganda juu. Tui lina utamu wake, hivyo ongeza ndimu na chumvi. Sosi hii ya tui naiweka karibu na samaki wa kukaanga, ambapo naiona bora kuliko ile ya krimu, ingawa najua mpishi wa Vienna hatakubaliana nami.

Huko Vienna kwenyewe wana kitu kinachoitwa Apfelkren, ambacho ni hosiradishi na tufaha. Kwangua matufaha mawili yaliyo machachu, yanyunyizie ndimu upesi yasigeuke rangi, kisha changanya na vijiko viwili vya chakula vya hosiradishi iliyokwisha kungoja dakika tatu zake, chembe za sukari na chumvi. Huliwa pamoja na Tafelspitz, yaani nyama ya ng'ombe iliyochemshwa polepole katika supu yenye karoti na mizizi mingine. Nyama ya kuchemsha ni laini na haina makeke, na utamu wa tufaha pamoja na ukali wa mzizi ndio unaoipa uhai. Msomaji ambaye kwao nyama ya kuchemsha na supu yake ni chakula cha kila juma ataona mara moja kwamba pishi hili halimtaki ajifunze jambo jipya isipokuwa bakuli moja dogo la pembeni.

Poland, bitiruti huchukua nafasi ya tufaha. Ćwikła hutengenezwa kwa nusu kilo ya bitiruti iliyochemshwa au kuokwa na maganda yake, ikamenywa, ikapoa kabisa na kukwanguliwa. Ongeza vijiko vitatu vya chakula vya hosiradishi, kimoja cha siki, chumvi na sukari kidogo, kisha ifunge na kuilaza frijini usiku mzima. Neno la kushika ni kupoa: bitiruti yenye joto itaua ukali wote na kukuachia saladi tamu isiyo na maana. Familia za Kikatoliki huko hutia hosiradishi katika kikapu cha vyakula kinachobarikiwa kanisani Jumamosi Kuu, na siku ya Pasaka huliwa pamoja na mayai na nyama baridi. Kwa Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, mzizi huohuo umekuwa mboga chungu ya mlo wa Pasaka yao, na mchanganyiko wake na bitiruti huwekwa mezani pamoja na tonge za samaki.

Ya nne ni ya watu wa Siberia na Urali, nayo haina huruma. Saga kilo moja ya nyanya zilizoiva, gramu 100 za hosiradishi na gramu 50 hadi 100 za kitunguu saumu, vyote vikiwa vibichi, tia kijiko kimoja cha chakula cha chumvi, pakua katika chupa na uweke frijini. Jina lake ni khrenovina, na mojawapo ya majina yake ya utani ni agizo la kung'oa jicho. Inakaa vizuri kando ya nyama choma, viazi vya kuchemsha na hata mhogo. Anayeanza atumie nusu ya kiasi cha mzizi nilichotaja.

Kwa haraka zaidi kuliko zote hizo, Wamarekani huchanganya vijiko vinne vya chakula vya tomato sosi, kijiko kimoja cha hosiradishi na maji ya nusu ndimu, wakachovya kamba waliochemshwa na kupozwa. Kazi yake haifiki dakika mbili.

Sosi za moto

Kwa kuwa moto ni adui, sosi za moto zina kanuni moja: sosi hupikwa kwanza hadi mwisho, huepuliwa, huachwa dakika moja itulie, kisha ndipo hosiradishi huingia na chakula kupakuliwa papo hapo. Yeyusha gramu 30 za siagi, ukaange humo gramu 30 za unga wa ngano bila kuuacha ugeuke rangi, na umimine kidogokidogo mililita 400 za supu au maziwa huku ukikoroga. Iache ichemke taratibu kwa dakika kumi ili ladha ya unga mbichi iondoke. Epua, kisha tia vijiko vitatu vya chakula vya hosiradishi, chumvi na ndimu. Inafaa kwa nyama ya kuchemsha, kwa samaki mweupe aliyepikwa kwa mvuke, na kwa mayai yaliyochemshwa. Ikibaki na ukalazimika kuipasha siku ya pili, ongeza kijiko cha mzizi mpya, kwa maana wa jana hautafufuka.

Waaustria wana njia nyingine isiyohitaji siagi wala unga, inayotumia mikate iliyokauka. Vunjavunja gramu 150 za mkate mweupe wa juzi, mimina nusu lita ya supu ya nyama iliyo moto, koroga juu ya moto mdogo hadi upate uji mzito, kwangulia kungumanga kidogo, epua, kisha tia vijiko vitatu vya hosiradishi. Wanaiita Semmelkren. Ni njia njema ya kumaliza mkate uliosahauliwa kabatini.

Ipo jamii moja ambayo huutia mzizi huu motoni makusudi. Katika mkoa wa Basilicata, kusini mwa Italia, ambako hosiradishi huitwa tartufo (uyoga ghali wa ardhini) ya maskini, watu hupika kimanda kinachojulikana kama rafanata, hasa majira ya karamu kabla ya Kwaresima. Piga mayai sita, tia gramu 60 za jibini kavu ya kondoo iliyokwanguliwa, kiazi kimoja kilichochemshwa na kupondwa, na gramu 50 za hosiradishi, kisha upike kwa moto mdogo pande zote mbili. Ukali hupungua sana na kubaki harufu ya mbali pamoja na utamu wa mizizi. Hii ndiyo sababu wanaweza kutia nyingi kiasi hicho bila mtu kutoka mezani.

Chakula cha kila siku

Hapa ndipo mzizi unapostahili kukaa, kwa kuwa si kila siku mtu hupika sosi. Viazi vya kupondwa, kilo moja, vikishatiwa siagi, maziwa na chumvi, vinapokea vijiko viwili vya chakula vya hosiradishi dakika ya kupakua. Supu ya viazi, ya bitiruti au ya dengu hupambwa kwa kukwanguliwa mzizi juu ya kila bakuli badala ya pilipili manga. Mayai ya kuchemsha hukatwa nusu, viini vikapondwa na mayonezi, haradali na hosiradishi, kisha vikarudishwa mahali pake. Mkate wenye siagi na samaki wa moshi, trauti au makareli, ukikwanguliwa hosiradishi juu yake, ni kifungua kinywa cha Ulaya ya Kaskazini ambacho nimekizoea kuliko vingi vya huko. Wasweden kwa upande wao hula samaki aina ya kodi wa kuchemsha kwa siagi iliyoyeyushwa na mzizi uliokwanguliwa mezani, bila kitu kingine zaidi ya viazi.

Katika vyakula vyetu, mahali pake pa asili, kwa maoni yangu, ni kachumbari ya nyama choma. Mwananchi aliyeko Munich au Minneapolis wakati wa baridi hupata nyanya na vitunguu bila shida, lakini pilipili za dukani huko mara nyingi ni za rangi tu. Kwangua kijiko kimoja cha chakula cha hosiradishi na ukiache kando. Kata nyanya nne na kitunguu maji kimoja, osha kitunguu kwa chumvi kama kawaida yako, tia giligilani, kisha changanya hosiradishi iliyokwisha kungoja, na mwisho kabisa ukamulie ndimu. Ukikamua ndimu kwanza na kukwangulia mzizi juu yake, asidi itaukata ukali kabla haujakomaa. Mafuta ya nyama ya mbuzi au ya ubavu wa ng'ombe hustahimili ukali huu vizuri sana. Kuhusu pilau, hata hivyo, nashauri kachumbari ibaki ilivyo. Karafuu, iliki na bizari nyembamba zimeshajaza pua, na mzizi unakuja kugombana nazo. Vivyo hivyo mchuzi wa nazi unaochemka si mahali pake.

Kiasi ni suala la unyenyekevu. Anza na nusu kijiko cha chai kwa mtu, onja, ongeza. Mzizi mbichi uliokwanguliwa sasa hivi una nguvu kuliko wa chupa, kwa hiyo mapishi yakitaja vijiko vitatu vya chupa, anza na viwili vya mbichi. Ikitokea umezidisha, ongeza krimu, mtindi au tufaha, ama acha bakuli wazi kwa robo saa, na hewa itakufanyia kazi.

Wenye vidonda vya tumbo au kiungulia cha mara kwa mara, pamoja na watoto wadogo, hawafai kupewa, au wapewe kiasi kidogo mno ndani ya sosi ya krimu. Mtu aliyezidiwa na tonge asiongeze maji kwa pupa. Atafune mkate na kutulia, na sekunde chache zitamaliza shida.

Matango ya chumvi, majani, na kichwa cha mzizi

Mwenye bustani au jirani mwenye bustani atapata pia majani. Yaliyo machanga hukatwa membamba na kuchanganywa katika saladi, au hupikwa kama mboga nyingine za majani, na ukali wake huisha katika maji ya moto. Makubwa ni magumu kutafunwa, lakini yana kazi muhimu katika matango ya chumvi ya Kirusi na Kiromania, ambamo husaidia matango kubaki na mlio yanapotafunwa, huku vipande vya mzizi vikisaidia kuzuia ukungu. Panga kilo moja ya matango madogo mabichi katika chupa kubwa, pamoja na jani moja la hosiradishi, kipande cha mzizi cha sentimita tano kilichopasuliwa, punje nne za kitunguu saumu na shina la shibiti lenye mbegu. Yeyusha gramu 45 za chumvi katika lita moja ya maji, mimina hadi yafunike, weka kitu kizito juu ili tango lolote lisielee, na uache mahali pasipo jua kwa siku tatu hadi tano. Maji yakishageuka meupemeupe kama yametiwa maziwa na matango yameanza uchachu unaoupenda, hamishia frijini.

Kinachobaki mwishoni ni kichwa cha mzizi, ile sehemu ya juu yenye macho ambayo hukatwa na kutupwa. Kikipandwa kitaota, na hata kipande chembamba cha mzizi wa pembeni, chenye urefu wa sentimita 20 hivi, kikilazwa kwa mshazari na ncha yake ya juu ikifunikwa kwa sentimita tano za udongo wakati wa majira ya kuchipua, kitakupa mzizi wa kuvuna vuli. Tumia ndoo kubwa yenye matundu chini, si ardhi ya bustani, kwa sababu kila kipande kinachosahaulika udongoni huota tena mwaka unaofuata, na jirani hatakusamehe. Mwagilia vizuri kiangazi chote, acha majani yakauke kwa baridi ya kwanza, kisha pindua ndoo nzima juu ya turubai na uokote mizizi.